Moshi wa Okharbot

Asari 3

Mvua ya mwezi wa Asari imeingia jana, na mpaka sasa haijapumua. Nimelichukua daftari la binti yangu Smarika, ambalo aliandika kurasa tatu akasema yatosha. Mtoto wa miaka sita ameshamaliza elimu! Basi kurasa zilizobaki ni zangu. Nikimwambia Mavyaa, mama wa mume wangu, kwamba nina hamu ya kwetu, atasema hiyo ni njaa, kisha atanituma nikakate majani ya nyati wetu wa maziwa. Daftari halinitumi popote.

Kutoka uani kwetu hapa Simpani, Okharbot inaonekana ng'ambo ya korongo, na nyumba ya Mama kabisa, ile yenye paa la mawe na mjozi ubavuni. Utadhani ukitupa jiwe litafika. Lakini kuteremka mpaka mtoni, kuvuka daraja la nyaya na kupanda upande wa pili ni kazi ya kutwa, tena usiwe na mzigo. Kila asubuhi Mama akiwasha jiko anatazama huku, nami nikiwasha natazama kule. Ndivyo tulivyopatana siku nilipoolewa. Simu tunazo, ndiyo, ila moshi hauishiwi salio.

Leo umetoka mapema. Mwembamba, lakini umetoka.

Asari 5

Ruba. Mpaka kwenye kwapa. Sina la kuongeza.

Asari 9

Mdogo wangu Lokendra amepiga simu kutoka Okharbot.

"Dada, kaa ukijua, Tiji hii nakuja kukuchukua mwenyewe. Safari hii hakuna cha msiba wala cha ugonjwa."

Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Tiji iliyopita, sikukuu hii yetu wanawake, kwetu Okharbot kulikuwa na msiba wa Baba, na nyumba yenye msiba haichezi. Ile ya kabla yake nilikuwa kitandani, mimba imeharibika. Wenzangu wote walichukuliwa na kaka zao, wakaenda kwao wakala vunja jungu, wakaimba, wakafunga, wakarudi sauti zimekauka. Mimi nilibaki nikisugua masufuria.

Na binti aliyeolewa hajichukui. Hata kama nyumba ya mama yake anaiona kwa macho yake haya mawili, hafungi kifurushi akaondoka. Lazima mtu wa kwao aje, asimame uani, amwambie mama mkwe: Nimekuja kumchukua binti yetu. Na mama mkwe ajibu: Mchukueni. Bila maneno hayo utakuwa umetoroka tu, na nyumba zote mbili zitasemwa.

Kisha Lokendra akashusha sauti. "Kuna jambo jingine." Anasubiri viza ya Ghuba. Akiipata, mkewe Bimala atahamia tambarare na watoto, kwenye shule na hospitali, na Mama atakwenda nao. Jirani zao wote wameshashuka. Mashamba ya juu yameota vichaka.

"Mama hawezi kubaki hapa peke yake na manyani, dada. Baada ya Tiji tutafunga nyumba."

Nikauliza, "Mama anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anafagia."

Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Tiji zitakuja nyingine, lakini hakutakuwa na pale pa kwenda. Nataka kulala chini ya paa lile walau usiku mmoja, nisikie mvua inavyogonga yale mawe. Sitaki kingine mwaka huu.

Asari 15

Siku ya matope! Tumepandikiza mpunga tangu alfajiri, wanawake peke yetu majarubani, na mwanamume mmoja tu, dereva wa pawatila ya kulimia, ambaye tumemtania mpaka akazima mashine akajificha nyuma ya mgomba. Mwenyekiti wetu wa kata, Tikaram, alikuja na suruali safi, akapandikiza konzi moja apigwe picha, akaondoka. Miche yake yote imeelea.

Mavyaa alikaa kwenye tuta na goti lake bovu akitoa amri. "Mkamwana! Huo ni mstari au nywele za mlevi?"

Mchana tukala pepeta na mtindi, kama nyumba zote leo. Mume wangu Dambar akapiga simu. Huko Ghuba analinda ghala, na kila mwaka siku hii lazima apige. Akasema, "Hebu nisogezee simu kwenye tope." Nikaishusha pale miguu yetu inapoingia topeni. Akasikiliza muda mrefu. Nilipoirudisha sikioni akasema huko kuna vumbi, akakata. Nami nikainama nikaendelea kupanda, maana ukisimama na huzuni jarubani unazama.

Asari 20

Mvua. Palepale.

Asari 27

Mkutano wa kata, chini ya paa la bati linalovuja. Mwenyekiti Tikaram ana kipaji cha kusema mambo makubwa huku akila njugu.

"Ndugu zangu, mwaka wa serikali unaisha mwisho wa Asari. Kuna fedha ya barabara. Isipotumika inarudi Kathmandu. Na ikirudi Kathmandu, mmewahi kuiona tena?"

"Hatujawahi!"

"Basi tuchimbe! Gari lifike mpaka darajani!"

Nani anachimba mlima mvua ikinyesha? Sisi. Kila mwaka, kila kata. Mpunga unaingia ardhini na bajeti nayo inaingia ardhini, mwezi uleule. Lakini nilinyoosha mkono. Niliona gari likinishusha darajani na kifurushi changu, sari yangu nyekundu haina hata tone la tope. Mavyaa alinyoosha miwili, mmoja wake na mmoja wa goti.

Asari 30

Tingatinga linachimba usiku na mchana. Smarika anakwenda kulitazama, anarudi mwekundu mwili mzima, udongo mtupu. Moshi wa Okharbot sijauona leo, ukungu.

Sauni 1

Bangili za kijani kwa ajili ya mwezi huu, mimi na Smarika. Mavyaa amekataa zake. "Mikono ya kizee," akasema, lakini alizishika kidogo kabla ya kuzirudisha.

Sauni 6

Leo mchana Lokendra amefika hapa, alitoka kwao usiku akavuka daraja alfajiri. Nilimwona akipanda na begi jipya, shada la maua shingoni na alama nyekundu ya baraka kwenye paji la uso, nikajua kabla hajafungua mdomo. Mtu hapambwi hivyo kwa safari ya hapa na pale.

Akamwinamia Mavyaa miguuni. "Mama, viza imetoka. Basi la Kathmandu napanda jioni hii. Niruhusu nimchukue dada leo, Bimala atampokea darajani, akae na mama yetu mpaka Tiji ipite."

Mavyaa alikuwa anachambua dengu. Hakuinua macho. "Leo ni Sauni. Tiji ni Bhadau. Umeona wapi binti anachukuliwa mwezi mzima kabla? Na palizi ataifanya nani, mbunge?"

"Bhadau sitakuwepo, Mama."

"Watatuma mwingine."

"Nani? Okharbot dume lililobaki ni beberu."

Mimi nilicheka. Mavyaa hakucheka. Akasema, "Mila ni mila," akainuka na ungo wake akaingia ndani.

Lokendra akanishika mikono. "Nisamehe, dada. Nilikuahidi."

"Nenda, mdogo wangu. Kula vizuri. Usilale na simu mkononi."

"Wewe nawe unanisema kama Mama."

"Mama atamsema nani tena, na wewe unamwondoa nyumbani kwake?"

Ilinitoka. Akainamisha uso. Nikamsindikiza mpaka njia ya basi, na tulipoachana nilimfungia kikopo cha samli kwenye begi, kwa sababu sikujua nimpe nini. Kijana wa miaka ishirini na sita. Juzi tu nilikuwa nampangusa kamasi.

Sauni 7

Siongei na Mavyaa. Naye haongei na mimi. Smarika anapeleka salamu za chumvi na maji baina yetu.

Sauni 8

Vilevile.

Sauni 12

Napalilia. Ukungu umeziba korongo lote. Niliwasha jiko nikatazama, sikuona kitu, nikatazama hivyohivyo.

Sauni 19

Hakuna aliyekufa. Nashukuru, ndiyo maana nimeliandika hili kwanza.

Alfajiri tulisikia mngurumo, tukadhani radi. Radi huisha. Huu haukuisha. Nilitoka nje bila viatu na kuona mlima wa chini, ule waliouchimba mguuni mwezi uliopita, unateremka. Haukukimbia. Uliteremka taratibu na miti yake imesimama, mpaka ulipofika ukingoni ukajimwaga wote mtoni. Barabara mpya ikaenda. Majaruba ya watu yakaenda na mpunga wake. Na ncha ya daraja ya upande wetu ikang'oka, daraja likaning'inia ng'ambo, mkia majini.

Watu walipiga mayowe. Mimi sikupiga. Nilikaa chini kwenye matope, na Mavyaa akaja nyuma yangu na mwavuli.

"Inuka, mkamwana. Utaugua."

Ndipo nikalipuka. "Ungeniruhusu siku ile ningekuwa kwa Mama sasa hivi! Ningekuwa ng'ambo! Palizi! Ona hiyo palizi yako! Mama anafungiwa nyumba yake, anahamishwa, na mimi nimekaa hapa nahesabu magugu!"

Sijawahi kumpandishia sauti tangu niolewe. Majirani walisikia, nyati alisikia. Nilingoja anipige au anifukuze. Aliniwekea mwavuli kichwani, akaondoka kwenye mvua kwenda kukamua.

Usiku alipiga Dambar. Nikamwambia daraja limekwenda. Akasema, "Pole. Watajenga." Nikamwambia lile jiwe la msingi la daraja jipya, la kabla ya uchaguzi, mbuzi wanajikunia mpaka leo. Akauliza kama mpunga wetu umepona. Umepona.

Sauni 22

Mwenyekiti Tikaram amekuja kukagua, na bwana mmoja wa wilayani mwenye koti la plastiki. Akasema ni maafa ya asili.

Mavyaa akamwitia kutoka kwenye tuta, watu wote wakisikia. "Mwenyekiti! Mlima ulikukosea nini?"

"Mama, mvua imezidi mwaka huu."

"Mvua imezidi tangu babu yako hajazaliwa. Wewe ndiye uliyezidi."

"Lakini mlinyoosha mikono wote. Wewe miwili!"

"Ndiyo. Sasa nyoosha wewe, utuvushe."

Watu waliangua kicheko. Bwana wa wilayani aliandika kitu. Nami nilicheka pia, bila kupenda, na Mavyaa akaniona nikicheka.

Sauni 30

Leo jioni Mavyaa amekuja kukaa jikoni, pale ninapopikia, akanyoosha goti lake kwenye moto. Akaanza kuzungumza akiutazama moto, si mimi.

"Nilikuwa na kaka wawili. Mmoja alikwenda jeshini India, hakurudi. Wa pili alihamia tambarare. Tiji ya kwanza hakuja kunichukua, akasema njia mbaya. Ya pili akasema mvua. Ya tatu hakusema kitu. Nilikuwa na umri kama wako. Miaka mingine miwili nilifunga kifurushi hivyohivyo, nikakificha chini ya kitanda marehemu baba yake Dambar asikione. Halafu nikaacha."

Miaka yote niliyokaa hapa nimekuwa nikimsikia siku ya vunja jungu akisema goti linamuuma, anakwenda kulala mapema.

"Siku ile sikukukatalia kwa ajili ya palizi," akasema. "Nilisema mila kwa sababu mila ilikuwepo karibu. Niliwaza: akienda mapema hivi, nyumba inafungwa, mama yake anashuka tambarare, naye atashuka nao. Hatarudi. Dambar hayupo, wewe hupo, Smarika hayupo. Nitabaki mimi na nyati."

Nikasema, "Ningerudi, Mama."

"Sasa nakuamini. Siku ile sikukuamini."

Nilimpakulia wali, nikamwekea samli nyingi kuliko kawaida. Akala wote.

Bhadau 4

Mama amepiga simu. Gari litawachukua siku tatu baada ya Tiji, kwa njia ya nyuma, ya mgongoni mwa mlima. Sufuria zimeshafungwa. Paka amepewa mtu.

"Mwanangu, kuvuka siwezi. Lakini kuteremka naweza. Siku ya vunja jungu nitashuka mtoni upande wangu. Shuka upande wako."

"Na nani atakuja kunichukua?"

"Mimi."

"Mama! Wapi mama anakwenda kumchukua binti? Kazi ya kaka hiyo."

"Kaka wako wapi? Wameisha. Wewe njoo na sahani."

Nilipomweleza Mavyaa nilitazamia anikumbushe mila. Akauliza tu kama ile njia ya wakata majani imebaki.

Bhadau 7

Mvua imekata. Sithubutu kulisema kwa sauti.

Bhadau 9

Tumetoka baada ya kukamua. Nilivaa sari nyekundu, nikaipandisha mpaka magotini, kichekesho kitupu. Smarika mbele, mimi katikati, Mavyaa nyuma na fimbo. Nilimsihi abaki. "Goti langu nalijua mimi," akasema. Palipoporomoka aliteremka kwa makalio, kama mtoto, akitukana kata nzima kwa majina.

Tulifika jua limepita utosini. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na kwa kelele zake mtu hasikii hata kikohozi chake. Simu huko chini haishiki. Ng'ambo, juu ya mwamba, walikuwepo wawili: wifi yangu Bimala na nyekundu yake, na mtu mdogo mweupe. Mama ni mjane sasa, havai rangi. Nilisahau kuwa amekuwa mdogo hivyo. Nikapunga mikono yote. Akapunga. Nikaita, "Mama!" Niliona mdomo wake ukiita pia. Hapakuwa na sauti.

Pembeni mwa daraja lililokufa bado kuna ule waya wa zamani na kreti yake ya mbao, waliotumia watu kuvukia kabla ya daraja. Binadamu sasa hauwezi kumbeba, umeoza, lakini mzigo wa majani unabeba. Bimala aliweka sufuria ndani ya kreti, tukavuta kamba, mimi na Mavyaa, viganja vikichubuka, na kreti ikaja ikicheza juu ya maji. Wali wa maziwa, umefunikwa kwa majani, bado una vuguvugu chini. Achari ya tango. Jozi za mti wetu, mbichi, za mwisho. Tukairudisha kreti na samli ya Mavyaa, na Smarika akavua bangili yake moja ya kijani akaitia ndani bila kuulizwa.

Mama aliivaa. Iliingia, mkono umekonda kiasi hicho.

Kisha akasimama sawasawa kwenye mwamba. Akakunja viganja pamoja kifuani. Hakunitazama mimi, alimtazama Mavyaa, akasema maneno. Sikuyasikia hata moja. Sikuhitaji kuyasikia.

Mavyaa akaacha fimbo ianguke. Akajinyoosha sari, akafunika kichwa, akakunja viganja vyake naye.

"Mchukueni!"

Mto uliimeza. Akavuta pumzi, akasogea ukingoni mpaka nikamshika kiuno.

"Mchukueni! Ni wenu! Mchukueni, mnirudishie salama!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, akaanza tena bila sauti, mdomo tu. Ng'ambo Mama aliinamisha kichwa, mara moja, vile mtu anavyoinama akipewa kitu kwa mikono miwili.

Basi nikawa nimechukuliwa. Nililia kwa kelele, kwa kuwa hakuna wa kunisikia. Tukakaa kila mtu kwenye jiwe lake, wao kule na sisi huku, tukala sahani zimeelekeana. Mama akiinua mkono mdomoni nami nainua. Mavyaa nilimpakulia kwanza, vunja jungu yake ya kwanza kutoka nyumba ya mama tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alikula polepole, akalamba vidole.

Smarika akauliza kwa ishara, kisha sikioni: "Kwa hiyo tumeshafika kwa bibi?"

"Tumefika."

Mawingu yalianza kukusanyika. Bimala akamshika Mama mkono. Walipopanda niliwatazama mpaka ule weupe ukapotea kwenye miti, na hata baadaye. Ilikuwa mimi wa kuondoka, mgeni ndiye huondoka, lakini Mama ndiye aliyeondoka.

Bhadau 10

Tiji. Nimefunga, sijanywa hata maji. Bombani tumeimba na kucheza, na mistari ya mwenyekiti nimeitunga mimi:

Barabara ya Tikaram ilisikia joto,
ikashuka na daraja kuoga mtoni!

Wamenirudisha mara nne. Mavyaa kapiga makofi.

Bhadau 13

Leo asubuhi moshi wa Okharbot ulitoka mzito, mweupe, haujawahi kuwa hivyo. Nadhani Mama amechoma kuni zote zilizobaki. Ulikaa mpaka mchana. Sikwenda shambani, nilikaa uani, na Mavyaa hakuniita.

Bhadau 14

Anga safi kabisa. Hakuna kitu.

Bhadau 15

Hakuna.

Bhadau 20

Mpunga umeanza kubeba mimba. Mama amepiga simu kutoka tambarare. Chumba kizuri, anasema. Watoto wana shule karibu. Lokendra amempigia, anakula vizuri, anasema.

"Ila huku ardhi ni sawa tu, mwanangu, hakuna mlima hata wa dawa. Naamka alfajiri, nawasha gesi, haina moshi. Natoka nje nitazame kwenu, naona ukuta wa jirani."

Nikamwambia, "Sisi bado tunawasha kuni, Mama."

"Najua. Washeni."

Bhadau 21

Nimeamka mapema kuwasha jiko. Mavyaa ameingia nyuma yangu na kuni mbichi mbili, zile ambazo mwaka mzima ananigombeza nisitumie kwa sababu moshi wake unaumiza macho. Akazitia mwenyewe katikati ya moto, akafungua mlango wazi.

"Acha utoke," akasema.